BUNDUKI IKIBADILIWA RISASI, SAITI NAYO HAINA BUDI KUBADILIWA

Tangu zamani watu wa Ukambani, yaani nchi za Kitui, Machakos na Makueni, wamesifika katika Afrika ya Mashariki kwa ustadi wa shabaha. Sifa hiyo ilianza na upinde, ikaendelea na bunduki. Kwa hiyo jambo litakaloelezwa hapa, ijapokuwa ni la mafundi wa bunduki, halitakuwa geni kabisa kwao. Jambo lenyewe ni hili: kila saiti ya bunduki imetengenezwa kwa ajili ya risasi ya namna moja tu. Bunduki ikigeuzwa ili ipige risasi ya namna nyingine, na hasa ikiachishwa risasi ndefu ya bunduki na kupewa risasi fupi ya bastola, saiti ile ile iliyosema kweli jana itasema uongo leo. Karani akikosea hesabu aweza kufuta na kuandika upya. Lakini kosa la saiti hulipwa kwa damu ya mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia porini, au ya mtu aliyekuwa hana habari.

UPINDE NA JICHO

Upinde wa Mkamba hauna saiti. Mwindaji wa zamani alijifunza tangu utotoni kuutambua mwendo wa mshale wake kwa jicho na kwa mkono. Alijua kwamba mnyama aliye karibu hulengwa moja kwa moja, na aliye mbali hapana budi mshale uinuliwe juu yake, maana mshale haupiti hewani kama uzi ulionyooshwa. Hupanda kidogo, kisha hushuka. Chuma cha mshale kilipakwa sumu iliyopikwa kwa mti uitwao kivai, kisha kikaviringishwa ngozi ili sumu isikauke. Kwa sababu ya sumu hiyo hapakuwa na haja ya kupiga kwa nguvu nyingi wala kutoka mbali. Haja ilikuwa kunyemelea mpaka karibu, na kutokosa.

Upande wa mashariki wa Tsavo, karibu na mipaka ya kusini ya Kitui, waliishi wawindaji wengine, Waliangulu, ambao upinde wao ulikuwa mzito kuliko wa Wakamba. Wote wawili walijulikana kwa kuwinda ndovu, hata katika miaka ya 1956 na 1957 askari wa Hifadhi ya Tsavo wakafanya kampeni kubwa ya kuwazuia. Sasa, msomaji na awaze: ikiwa Mkamba aliyezoea upinde wake mwepesi angepewa upinde mzito wa Mliangulu, je, mshale wake wa kwanza ungekwenda mahali alipokusudia? La. Jicho ni lile lile na mkono ni ule ule, lakini mwendo wa mshale umebadilika. Ingempasa ajifunze upya, mshale baada ya mshale, mpaka jicho lake lipatane na upinde mpya. Basi hivyo ndivyo ilivyo kwa bunduki iliyobadiliwa risasi, ila bunduki imelitia jicho hilo katika chuma, na chuma hakijifunzi chenyewe. Fundi ndiye apaswaye kukifundisha.

SAITI NI NINI

Askari wa King's African Rifles walizoea kuviita vyombo vya kulengea kwa neno la Kiingereza lililogeuzwa kuwa la Kiswahili, yaani saiti. Bunduki ina saiti mbili. Saiti ya mbele ni kijembe kidogo cha chuma kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu. Saiti ya nyuma ni ama kibao chenye pengo, ama kibao chenye tundu dogo la kuchungulia. Mpigaji huweka jicho, saiti ya nyuma, saiti ya mbele na shabaha katika mstari mmoja, ndipo afyatue.

Wengi hudhani kwamba mtutu nao huwa umenyooka sawasawa na mstari huo. Sivyo. Mtutu huwa umeinuliwa kidogo sana, mdomo juu, kuliko mstari wa jicho. Sababu ni ile ile ya mshale: risasi huanza kuanguka mara itokapo mtutuni, hivyo lazima irushwe juu kidogo ili ishuke mahali panapotakiwa. Saiti ya nyuma ikipandishwa, mtutu huinuka zaidi, na risasi huenda mbali zaidi. Ndiyo maana kibao cha nyuma huandikwa nambari za masafa.

Bunduki ya Lee-Enfield, ile ya bolti ambayo askari huifungua na kuifunga kwa mkono kila apigapo, ilijulikana sana katika Ukambani. Wakamba walikuwa miongoni mwa makabila ya Kenya yaliyotoa askari wengi wa KAR, na wengi wao walikwenda na Divisheni ya Kumi na Moja ya Afrika ya Mashariki kupigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944. Katika bunduki hiyo ya mtindo wa Nambari 1, saiti ya nyuma ilikaa juu ya mtutu na kuandikwa kuanzia yadi 200 mpaka yadi 2,000. Katika mtindo wa Nambari 4, saiti ya tundu iliwekwa nyuma zaidi, karibu na jicho, na ile iliyotengenezwa kwa uangalifu iliandikwa mpaka yadi 1,300. Mtindo wa Nambari 5, bunduki fupi ya msituni iliyotumiwa Malaya na Kenya, iliandikwa mpaka yadi 800 tu. Yaani mara bunduki ilipofupishwa, ingawa risasi ilikuwa ile ile, wenye kiwanda waliona lazima saiti ipimwe na kuandikwa upya. Je, si zaidi sana ikiwa risasi yenyewe imebadilishwa?

BUNDUKI ILIYOGEUZWA

Bunduki ya bolti iliyogeuzwa kupiga risasi ya bastola si hadithi tu. Ilikuwako, na ilitengenezwa kwa kazi maalum. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Mwingereza mmoja, William Godfray de Lisle, alichukua mwili wa bunduki ya Lee-Enfield akautia mtutu uliopiga risasi ya bastola ya Kimarekani ya inchi 0.45, ile iliyotumiwa katika bastola ya Colt na katika bunduki ya Thompson. Risasi zake zilipakiwa katika magazini ya bastola ya Colt. Bunduki hiyo ikajulikana kwa jina lake, De Lisle. Chache za kwanza zilitengenezwa na Ford huko Dagenham, na zilizofuata na kampuni ya Sterling. Jumla yake ilikuwa kama 130 tu. Zilitumiwa na makomando, na baadaye nyingine zilionekana Malaya, nchi ile ambayo Kikosi cha Tatu cha KAR, cha Kenya, kilipelekwa mwaka 1952.

Sababu ya kuchagua risasi ya bastola ilikuwa mwendo wake wa polepole. Sauti hupita hewani kwa futi kama 1,100 kila sekunde. Risasi ya Lee-Enfield hutoka mtutuni kwa futi 2,440 kila sekunde, mara mbili ya sauti na zaidi, na kwa sababu hiyo hupasua hewa kwa mlio mkali. Risasi ya 0.45 hutoka kwa futi kama 850 tu, hivyo haina mlio huo wa hewani. Lakini kila faida ina gharama yake. Gharama ya utulivu huo ilikuwa masafa: De Lisle ilikusudiwa kupiga mahali pasipozidi yadi 200. Nambari zote zilizoandikwa juu ya saiti ya zamani, mpaka yadi 2,000, zilikuwa hazina maana tena.

HESABU YA KUANGUKA

Yafaa kuitazama hesabu yenyewe, maana si ngumu, na kila aliyefika shule aweza kuifuata. Kitu chochote kiachwacho hewani huanguka futi 16 katika sekunde ya kwanza. Katika nusu sekunde huanguka futi 4. Katika robo sekunde huanguka futi 1. Risasi iliyopigwa mbele huanguka vivyo hivyo. Kwenda kwake mbele hakuizuii kuanguka. Basi kinachoamua itaanguka kiasi gani kabla ya kufika ni muda inaokaa njiani.

Risasi ya Lee-Enfield hufika yadi 100 kwa muda wa kama sehemu moja ya nane ya sekunde. Katika muda huo huanguka inchi 3. Hufika yadi 200 kwa muda uzidio kidogo robo sekunde, nayo huwa imeanguka inchi kama 14.

Risasi ya bastola ya 0.45, ambayo ni nzito zaidi, gramu 15 kwa gramu 11, lakini ni mvivu, hufika yadi 100 baada ya zaidi kidogo ya theluthi ya sekunde. Kufikia hapo imeanguka inchi kama 25, yaani futi 2 na zaidi. Katika yadi 200 huwa imekaa njiani robo tatu za sekunde, na kuanguka kwake ni futi kama 9, kimo cha dari la nyumba.

Sasa natuchukulie kwamba fundi asiyejali amegeuza bunduki akaiacha saiti yake ya zamani. Mpigaji anaiweka saiti katika nambari ya chini kuliko zote, yadi 200, kisha analenga kitu kilicho yadi 100 mbele yake. Saiti imeinua mtutu kwa kiasi kilichofaa risasi ya kale, yaani inchi kama 7 kwa kila yadi 100. Lakini risasi mpya imeanguka inchi 25. Itapiga inchi kama 18 chini ya mahali palipolengwa. Aliyelenga kifua cha mnyama atampiga mguu, au atapiga mchanga mbele yake. Mnyama atakimbia akichechemea, na siku ya pili huenda akakutana na mwanamke anayekwenda mtoni kuteka maji.

Huenda mtu akasema, "Basi ataiinua saiti mpaka nambari kubwa zaidi." Naam, aweza, itambidi aiweke zaidi ya yadi 500 ili apige kitu cha yadi 100. Lakini bunduki ambayo nambari yake ya 500 maana yake ni 100 ni kama mizani ya duka yenye mawe ya uongo. Mwenyewe aweza kukumbuka leo. Je, atakumbuka usiku, mvua ikinyesha, moyo ukimwenda mbio? Na mwingine atakayeipokea baada yake, nani atamwambia?

KUIFUNGA SAITI MPYA

Kwa hiyo fundi mwema huanza kazi ya saiti upya, kwa utaratibu.

Jambo la kwanza analolitazama ni umbali kati ya saiti mbili. Kadiri zinavyokaribiana, ndivyo kosa dogo la jicho linavyokuwa kosa kubwa katika shabaha. Tuseme zimeachana inchi 20. Yadi 100 ni inchi 3,600, nazo ni mara 180 ya inchi 20. Basi kosa lolote la saiti hukuzwa mara 180 lifikapo kwenye shabaha. Kosa la unene wa karatasi moja au mbili za kuandikia hupeleka risasi inchi moja kando. Mtutu uliofupishwa huzileta saiti karibu na kulikuza kosa zaidi. Ndiyo sababu mafundi wengi hupenda saiti ya nyuma ya tundu, kama ile ya Lee-Enfield Nambari 4, iliyokaa nyuma kabisa karibu na jicho: huongeza umbali kati ya saiti, tena huwafaa watu wazima ambao macho yao hayaoni tena vizuri pengo la karibu na kijembe cha mbali kwa wakati mmoja.

Jambo la pili ni kwamba saiti ya mbele lazima isimame wima kabisa juu ya mtutu. Ikiegemea upande mmoja, bunduki hupiga kando, na tena hupiga kando zaidi kila saiti ya nyuma inapoinuliwa. Kwa bunduki yenye risasi ya polepole, ambayo saiti yake huinuliwa sana, ubaya huo ni mkubwa kuliko kwa bunduki ya kawaida.

Jambo la tatu ni kimo. Katika mfano wetu, kuiondoa saiti katika uongo wake wa yadi 200 na kuifanya iseme kweli katika yadi 100 huhitaji saiti ya nyuma ipandishwe sehemu moja ya kumi ya inchi, au ya mbele ishushwe kiasi hicho hicho. Hiyo si zaidi ya upana wa punje ya mawele. Lakini ndiyo iliyotenganisha kifua na mguu.

Hapa pana kanuni ambayo wanafunzi wa kazi hii huichanganya, nayo yafaa kukaririwa. Saiti ya nyuma hufuatwa: ukiipandisha, risasi hupanda, ukiisogeza kulia, risasi huenda kulia. Saiti ya mbele hupingana: ukiipandisha, risasi hushuka, ukiishusha, risasi hupanda, ukiisogeza kulia, risasi huenda kushoto. Kwa hiyo fundi mwenye akili huweka kwanza kijembe kirefu cha mbele, kirefu kuliko kinachotakiwa. Bunduki itapiga chini. Kisha hukipunguza kwa tupa, kidogo kidogo, na kila mara risasi itapanda. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Fundi na akumbuke kwamba gogo likikwisha halirudi. Chuma kilichokatwa kwa tupa hakiongezeki. Jeshi la Uingereza lilijua hatari hiyo, likatengeneza vijembe vya mbele vya vimo mbalimbali kwa Lee-Enfield, kila kimoja kikizidi mwenzake kwa sehemu 15 za elfu ya inchi. Badala ya kukata, fundi wa kikosi alikitoa kimoja na kutia kingine, na kila hatua ilihamisha risasi karibu inchi 3 katika yadi 100.

KUIPIMA KWA RISASI

Baada ya kufungwa, saiti ni dai tu. Ushahidi wake ni karatasi yenye matundu. Bunduki huwekwa juu ya magunia ya mchanga ili mkono wa mtu usiwe na lawama. Hupigwa kwanza kwa yadi 25, maana katika umbali huo hata kosa kubwa halitaitupa risasi nje ya karatasi. Hazipigwi moja moja na kusahihishwa kila mara, kwa sababu risasi moja yaweza kwenda kombo kwa ajali. Hupigwa tatu au tano kwa kulenga mahali pamoja, na kinachotazamwa ni katikati ya matundu hayo. Ikiwa matundu yametapakaa, kosa si la saiti. Ni la mtutu, au la skrubu iliyolegea, au la mpigaji. Saiti haiwezi kuiponya bunduki isiyopiga mahali pamoja. Bunduki fupi ya Nambari 5 iliwahi kulalamikiwa na askari kwamba iliyopimwa leo kesho ilipiga kwingine. Na lawama ya namna hiyo haikuweza kuondolewa kwa tupa.

Kutoka yadi 25 fundi huenda 50, kisha 100, na hapa ndipo mwendo wa mviringo wa risasi ya bastola unapomfundisha adabu. Ikiwa saiti imewekwa sawa kwa yadi 100, risasi hiyo ifikapo yadi 50 itakuwa inchi kama 6 juu ya mstari wa jicho. Ikiwa imewekwa sawa kwa yadi 50, itakuwa inchi 12 na zaidi chini ifikapo yadi 100. Risasi ya kale ya Lee-Enfield, iliyowekwa sawa kwa yadi 100, hupita yadi 50 ikiwa haijaacha mstari hata inchi moja. Basi anayepiga risasi ya bastola kwa bunduki ndefu hana budi kujua umbali wake vizuri zaidi, wala si vibaya zaidi. Wengi hudhani kinyume, kwamba risasi ndogo ni ya mchezo na haihitaji uangalifu.

Kwa sababu hiyo saiti ya namna hii haifai kuwa na nambari nyingi. Bunduki ya Sten, iliyopiga risasi ya bastola katika vita ile ile, ilikuwa na tundu moja tu lisilosogezwa, lililowekwa kwa yadi 100. Bunduki ya Sterling iliyoifuata ilikuwa na matundu mawili, la 100 na la 200. Waliozitengeneza hawakuwa wavivu; walikataa kumwahidi askari masafa ambayo risasi haiwezi kuyafikia kwa kweli. Nambari ziandikwe zile zilizothibitishwa kwa karatasi uwanjani, na zilizosalia zifutwe.

FUNZO LA PORI LA MAKUENI

Kuna watakaouliza kwamba katika nchi ya vichaka, ambako mtu haoni yadi 50 mbele yake, hesabu hizi zina faida gani. Historia ya Makueni yenyewe yatoa jibu. Baada ya mashamba ya Machakos kuchoka kwa mmomonyoko wa udongo, Serikali ya wakati ule iliamua kuwahamishia watu katika nchi ya Makueni, iliyokuwa pori la miiba, mbung'o na vifaru. Idara ya Wanyama ikamtuma mwindaji wake, John Hunter, naye katika miaka ya 1944 hadi 1946, akifuatana na Wakamba waliolijua pori, aliwaua vifaru wapatao elfu moja katika sehemu hizo. Leo wengi huihesabu kazi hiyo kuwa hasara kubwa, na kwa haki, maana kifaru mweusi sasa hulindwa mmoja mmoja kwa walinzi usiku na mchana. Lakini katika jambo la saiti iliacha funzo.

Katika kichaka kifaru hutokea hatua chache tu mbele ya mtu. Bunduki za kazi hiyo hazikuwa na nambari za mbali. Zilikuwa na pengo pana la nyuma na shanga nene ya mbele, ili jicho lizishike mara moja. Yaani saiti ilichaguliwa kwa kufuata mambo matatu kwa pamoja: risasi, mahali, na kazi. Saiti nzuri ya uwanja wa jeshi yaweza kuwa mbaya kichakani, na ile ya kichakani yaweza kuwa mbaya uwanjani. Wala haikutosha kwamba adui yuko karibu. Aliyekosa kichakani hakupata nafasi ya pili. Na aliyejeruhi alilazimika, kwa heshima ya kazi yake, kuifuata damu ndani ya miiba mpaka mwisho.

SHERIA NA AKILI

Hapana budi kumaliza kwa jambo ambalo kila msomaji wa Kitui na Makueni analipaswa kulijua. Uwindaji wa wanyama pori ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977, na marufuku hiyo ingaliko. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakuna mtu awezaye kuwa na bunduki bila cheti, na kazi ya kutengeneza au kugeuza bunduki ni ya fundi mwenye leseni tu. Kwa hiyo haya yaliyoelezwa si mwaliko kwa mhunzi wa kijijini kuijaribu kazi hii chini ya mwembe. Mhunzi wa Ukambani ni stadi wa kufua panga, ncha za mishale na mikufu myembamba, na ustadi wake waheshimiwa. Lakini chumba cha risasi kina nguvu ambazo jicho haliwezi kuzipima, na kosa lake humrudia aliyeishika.

Wenye kuzihitaji habari hizi ni wengi hata hivyo: askari, mlinzi wa wanyama, polisi wa akiba aliyekabidhiwa bunduki ya zamani, na raia mwenye cheti chake. Mtu wa namna hiyo akipewa bunduki asiyoijua, na aulize maswali matatu kabla ya kuibeba. Inapiga risasi ya namna gani? Saiti yake ilipimwa kwa risasi hiyo, au kwa nyingine? Ilipimwa kwa umbali gani, na nani aliyeshuhudia karatasi? Asipopata majibu, aiombe siku moja ya uwanjani na risasi kumi za kupimia. Mkubwa wake akimwambia kwamba risasi kumi ni gharama, na amjibu kwa adabu kwamba risasi moja iliyokwenda kusikotakiwa ni gharama zaidi.

Mwindaji wa zamani hakuuazima upinde wa mwenziwe na kwenda nao siku hiyo hiyo mbele ya nyati. Aliujaribu kwanza kwenye gogo, mpaka mkono wake ukaujua. Aliyepewa bunduki leo hana sababu ya kuwa na haraka kuliko yeye.